Marejeo ni Ngamani

Mangobo, Kisangani
18 Januari 2026

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za mke wangu, mama yako huyu wa Mangobo, ambaye bado anakutengea sahani kila Jumapili ingawa hufiki.

Jana jioni mama yako alinipigia simu kutoka Basoko. Mtandao ulikatika mara mbili, lakini swali lake nililisikia vizuri: "Kaka, ni kweli mtoto wangu yuko Kisangani?" Mwuza samaki mmoja wa kwetu alikuona upande wa Tshopo ukibeba abiria kwa pikipiki. Nilikaa kimya, kisha nikamwambia ukweli. Yuko. Amerudi kutoka Kampala tangu Septemba. Hakulia. Akauliza tu kama umekonda.

Nakuandikia barua kwa sababu simu unaweza kuikata. Barua utaiweka mfukoni, na usiku usingizi ukikukimbia utaisoma. Naijua aibu iliyokushika. Mliondoka watatu mwaka 2024, ninyi vijana wa mtaa mmoja, mkiwa mmechanga feza zenu pamoja. Mmoja amebaki Kampala. Mmoja amerudi na anawaonyesha watu picha za maghorofa. Wewe umerudi na begi moja, kwa kuwa mtu aliyewaahidi kuwavusha hadi Dubai alitoweka na mtaji wenu. Sasa unasema moyoni: nitateremka Basoko nikipata kitu cha kushika mkononi. Mwanangu, maneno hayo niliyasema mimi kabla yako, na nitakueleza yalinigharimu nini.

Mwaka 1987 niliondoka hapa na rafiki zangu wawili kwenda Nairobi. Nchi yetu ilikuwa Zaire. Tulipanda juu ya mizigo ya lori: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni. Lori lilizama kwenye matope, tukalala msituni, tukachimba, tukasukuma. Tulivuka mpaka wa Kasindi, na kutoka Kasese tukapanda garimoshi hadi Kampala. Nairobi tulibeba marobota ya mitumba katika soko la Gikomba. Wenyeji walitucheka tuliposema "minaenda" na "beko", lakini usiku waliicheza miziki ya kwetu, maana Samba Mapangala na wale Mangelepa walikuwa na jina kubwa mjini. Nilifurahi kusikia watu wa mbali wakiimba maneno ya Lingala wasiyoyaelewa. Nilijiona mtu wa dunia.

Huko ndiko nilikojua rafiki ni nani. Tulikuwa na mfuko mmoja wa feza, aliyeushika akaanza kuhesabu peke yake, na mimi nikaacha kumwamini hata alipokuwa mkweli. Kisha nikaugua homa ya matumbo. Yule ambaye nilikuwa simsemeshi ndiye aliyeuza viatu vyake na saa yake kulipa dawa. Alitembea na ndara mvuani mwezi mzima. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nilikuwa nimeusoma usemi huo shuleni. Maana yake niliiona miguuni mwa mtu.

Nilirudi Kisangani mwaka 1988, mfuko mtupu. Nikajificha hapa hapa Mangobo, nikijiambia nitafanya kazi kidogo, ninunue baiskeli, nguo za mama, redio ya baba, ndipo niteremke mto. Mwezi wa kwanza ukapita, wa tatu, wa sita. Mwezi wa saba baba yangu, babu yako, akafariki. Nilifika siku ya tatu ya matanga.

Mama alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya kibanda cha majani palikuwa na mtumbwi ambao haujaisha kuchongwa. Omo, mbele yake, lilikuwa tayari, laini, limechongoka vizuri. Tezi, nyuma yake, ilikuwa bado gogo lenye magamba yake. Tumboni maji ya mvua yalikuwa yamekusanyika, majani yameoza ndani, na uyoga mweupe umeota ukingoni. Tezo aliyochongea baba ilikuwa imelazwa juu ya mbao, chuma chake kimeshika kutu. Mama akaniambia: "Baba yako aliuanza siku aliposikia umefika Kisangani. Alisema utaukuta umekwisha." Hakuniambia neno jingine, na hadi leo sijasikia neno zito kuliko hilo.

Tazama basi. Mimi nilikuwa nangoja niwe na cha kumpelekea baba, na baba alikuwa anachonga cha kunipa mimi. Kila mmoja alimngojea mwenzake kilomita 200 mbali, kwenye mto mmoja.

Nawe usidhani hujulikani uliko. Wazee wetu kando ya mto walipeleka habari kwa lokole, ngoma ile ya gogo lililotobolewa tumbo, na habari ilitangulia mtumbwi. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu, aliona jambo hilo akalijifunza hadi akaliandikia kitabu mwaka 1949. Leo lokole ni simu ya mwuza samaki. Basoko wanajua kwamba umerudi. Wasichojua ni kwa nini huwataki.

Kuna methali ya mabaharia wa pwani niliyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu atembee atakavyo, nyuma ya chombo na mbele yake, mwisho hurudi pale katikati, chini. Watu huitaja wakimaanisha kwamba nyumbani hakukimbiki. Mimi naongeza hili: ngamani ndipo maji yanapokusanyika, na ndipo penye kazi ya kuyakumba. Anayerudi hurudi kazini. Watu wa chombo hawamtazami mikono kuona ameleta nini. Wanamsogezea kata akumbe maji pamoja nao.

Nikupe mifano miwili ya watu wa kweli, maana mimi ni mwalimu wa historia hata baada ya kustaafu.

Wa kwanza ni wa kwetu. Disasi Makulo alikuwa mtoto wa Waturumbu, majirani zetu. Mwaka 1883 watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa, walimteka akiwa mdogo, na mwaka huohuo akaangukia mikononi mwa mpelelezi Stanley, yule yule ambaye wazee wa Basoko walipigana naye kwa mitumbwi mdomoni mwa Aruwimi, tarehe 1 Februari 1877. Akalelewa na wageni mbali na mama yake, kisha akawa katekista wa mmisionari George Grenfell. Aliporudi upande wetu hakurudi na pembe wala vitambaa vya kugawa. Alirudi na kusoma na kuandika, akafanya kazi Yalemba, jirani na Basoko, akiwafundisha watu wake. Grenfell alifia Basoko mwaka 1906, Disasi akaendelea. Mwanawe aliandika maisha yake, na kitabu kikatoka mwaka 1983. Disasi alitekwa, hakwenda kwa hiari yake. Hata hivyo, alichojifunza ugenini alikileta nyumbani.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika habari za desturi za Waswahili. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa huko. Mwaka 1905 alirudi na mkewe Mjerumani hadi bandari ya Dar es Salaam, na serikali ya kikoloni ikawakataza kushuka. Fikiria mtu anayeona minazi ya kwao kutoka sitaha, na hawezi kukanyaga mchanga. Akarudishwa Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Huyo alifungiwa mlango na watu wenye bunduki. Wewe mlango wako uko wazi, na anayekuzuia ni wewe mwenyewe.

Kwa hiyo yashike haya ninayokuambia.

Usikope ili uonekane umefanikiwa. Nimewaona vijana wakikodi suti na kununua vitenge kwa deni, wakae wiki moja kijijini wakiitwa mabosi, kisha walipe deni hilo mwaka mzima. Nunua chumvi, sabuni na sukari kidogo. Hivyo vinatosha, na mama yako atavigawa kwa majirani kwa fahari.

Ukifika, usianze na habari za Kampala. Keti kwanza usikilize. Muda uliokuwa huko, watu wamezaliwa na watu wamekufa. Mama yangu, bibi yako, alizikwa wewe ukiwa hupo. Nenda kaburini kwake kabla hujatembelea mtu mwingine, ukapalilie majani kwa mikono yako. Ukimaliza, utakuwa umeshaingia nyumbani.

Kisha nenda kwa wazazi wa rafiki yako aliyebaki Kampala. Hili ni deni la kila anayerudi: kupeleka habari za aliyebaki. Waambie kweli. Kama anaumwa, sema anaumwa. Kama anafanya kazi ya kubeba mizigo, sema hivyo, na useme kwamba ni kazi halali. Usimpambe, usimchafue. Mama anayedanganywa kwamba mwanawe ni tajiri hubaki kungoja feza ambazo hazipo, na mwishoni humlaani mtoto bure.

Na yule mwenzako wa picha za maghorofa, usigombane naye mbele za watu. Kaeni wawili, mwandike kwenye karatasi nani alichanga ngapi na nani anamdai nani, mtie sahihi, nakala moja mmtumie wa Kampala. Hasara ya feza mmeshaipata. Msiongeze hasara ya urafiki. Deni lisiloandikwa kati ya vijana huwa ugomvi wa familia, na familia zenu zinachota maji mahali pamoja.

Usiidharau Basoko. Utaona giza usiku, nawe umezoea taa. Utaona barabara ya matope, nawe umezoea lami. Usiyataje hayo kila saa kama mtu aliyekuja kukagua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: siku mbili wakupikie lituma ya ndizi na samaki, ya tatu amka mapema uulize shamba liko wapi mwaka huu.

Na jambo ambalo wewe mwenyewe hulioni. Unasema umerudi mikono mitupu. Mke wangu aliniambia kwamba Kampala ulikaa miezi kumi kwa fundi mmoja wa Katwe, ukifungua injini na kuzifunga. Je, hiyo ni mikono mitupu? Kutoka Kisangani hadi Basoko kuna boti za balenieri ngapi zinazokwama mtoni kwa sababu hakuna wa kutengeneza injini? Pikipiki nazo zimeingia kote. Disasi alirudi na herufi, wewe umerudi na spana. Anza na injini moja ya mtu mmoja, uitengeneze vizuri, na usimtoze kama mtu wa mjini.

Sikukatazi kusafiri tena. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vijana wataendelea kwenda. Lakini ile njia ya Mambasa na Komanda sasa ina watu wenye silaha wanaowaua wasafiri, na kupita kwako salama ni jambo la kumshukuru Mungu. Ukitaka kuondoka tena, ondoka ukiwa umeagana na mama yako, akajua unakokwenda, unafuatana na nani, na nani ameshika feza.

Sasa sikiliza mpango. Alhamisi alfajiri iko balenieri inayoteremka. Nahodha wake namfahamu tangu akiwa mwanafunzi wangu. Hasafiri usiku, na hajazi watu kupita kiasi. Boti nyingi zimezama kwenye mto huu kwa makosa hayo mawili, kwa hiyo usipande nyingine hata ukiambiwa inawahi. Mtapita Yangambi, mtalala Isangi, na kesho yake, Mungu akipenda, utaona Aruwimi ikiingia mtoni upande wa kulia, na nyumba za kwetu.

Nauli nimekwisha lipa. Koti la kuokolea utapewa, livae. Njoo hapa Jumatano jioni, ule ile sahani ya Jumapili, ulale, nami nitakusindikiza bandarini.

Ule mtumbwi wa babu yako niliumalizia mimi mwenyewe mwaka 1989, kwa tezo ile ile, vibaya, maana sikuwa fundi. Tezi yake ilikaa upande. Tuliutumia miaka kumi na moja, na kila nilipoketi ndani yake nilimwomba baba msamaha. Wewe huna haja ya kuomba msamaha kaburini. Mama yako yu hai, na nimemwambia utafika Ijumaa.

Teremka, mwanangu.

Mjomba wako anayekupenda