Shule ya kijiji ni ya nani? Tuwaulize Wapoland

Wiki hii semina yetu ya Uongozi wa Elimu ilichemka kweli kweli. Swali lilikuwa moja tu: shule ya msingi ya kijijini iwe chini ya nani, wizara au halmashauri? Darasa karibu zima likasema wizara, kwa hoja kwamba ukiwapa halmashauri watakula. Upande wa halmashauri tulibaki watu wanne. Nilipewa dakika tatu, na dakika tatu hazitoshi kuieleza Poland, kwa hiyo namalizia hapa.

Poland ninaipenda kwenye mada hii kwa sababu kule kila kitu kilikuwa mkononi mwa dola, kisha wakakigawa, na zaidi ya miaka 30 imepita, matokeo yanaonekana.

Tuanze na historia kidogo. Mwezi Machi 1950 wakomunisti walipitisha sheria iliyofuta serikali za mitaa. Yakabaki mabaraza ambayo kwenye karatasi yalikuwa ya wananchi, ila wagombea walipangwa na chama na fedha zilishuka kutoka juu. Gmina, ambayo ndiyo ngazi yao ya chini, haikumiliki hata jengo lake yenyewe. Mali yote ilikuwa ya dola. Sasa we jiulize, diwani asiye na jengo, asiye na kodi na asiye na mfanyakazi wake, anawakilisha nini?

Kuna profesa mmoja, Jerzy Regulski, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anachunguza na wenzake jinsi ya kurudisha serikali za mitaa, wakati hakuna aliyeamini kwamba siku hiyo itafika. Kwenye mazungumzo ya Meza ya Duara, kati ya Februari na Aprili 1989, aliongoza upande wa upinzani kwenye meza ndogo ya mada hii. Hawakuelewana na serikali. Lakini Juni mwaka huohuo uchaguzi ukafanyika, Solidarity wakachukua viti 99 kati ya 100 vya Seneti, na Regulski mwenyewe akawa seneta. Tarehe 8 Machi 1990 sheria ikapita, na tarehe 27 Mei 1990 wananchi wakachagua madiwani wao. Haijatimia hata mwaka! Iliwezekana kwa sababu kazi ya kufikiri ilikuwa imeshafanyika. Hapo nawasalimia wote mnaosema utafiti ni wa kupatia gredi tu.

Regulski alisema kulikuwa na ukiritimba wa aina tano wa kuvunja: wa chama kimoja kwenye siasa, wa mamlaka moja ya dola isiyogawanyika, wa umiliki wa mali, wa fedha za umma, na wa utawala, yaani wafanyakazi wote kuwa wa serikali kuu. Hapa ndipo nilipotaka wenzangu wa semina wafike. Wengi tukisikia madaraka kupelekwa chini tunafikiria uchaguzi tu. Uchaguzi unavunja ule wa kwanza. Ukiacha mali, fedha na watumishi juu, umempa mtu kiti bila meza. Wapoland walizipa gmina mali, wakazipa kodi ya majengo na sehemu ya kodi ya mapato ya wakazi wake, na watumishi wakawa wao. Mwaka 1999 wakaendelea: mikoa 49 ikawa 16, ikarudishwa ngazi ya wilaya iliyokuwa imefutwa mwaka 1975, na mikoa nayo ikapata mabaraza ya kuchaguliwa. Gmina ziko karibu 2,500. Tangu 2002 viongozi wao wanachaguliwa moja kwa moja na wananchi.

Haya, turudi kwetu walimu. Shule za chekechea zilienda kwa gmina mapema, na kufikia mwaka 1996 gmina zote zikawa zimekabidhiwa shule za msingi. Sekondari zikaenda wilayani mwaka 1999. Na hapa sitawaficha, mambo hayakuwa matamu yote. Mshahara na haki za mwalimu zinaongozwa na sheria ya taifa ya mwaka 1982 inayoitwa Karta Nauczyciela. Maana yake Warsaw inaamua mwalimu alipwe angalau kiasi gani, na gmina ndiyo inatafuta hela pale fedha za serikali kuu zisipotosha. Vijijini watoto wakapungua na shule nyingi ndogo zikafungwa. Mwaka 2009 ikaruhusiwa gmina kukabidhi shule yenye wanafunzi wasiozidi 70 kwa chama cha wazazi au taasisi nyingine, ili isifungwe. Halafu mwaka 2017 serikali kuu ikaamua kufuta ngazi ya kati ya shule iliyoanzishwa mwaka 1999, na gmina ndizo zikahangaika kuhamisha watoto, walimu na madawati.

Wanaopinga watasema, si unaona? Mi naona kinyume. Maumivu mengi hapo yametoka pale ambapo mmoja anaamua na mwingine analipa. Dawa yake ni anayelipa awe na sauti, na anayeamua alete hela.

Kuhusu hoja ya kula, kweli wapo watakaokula, hata juu wanakula. Tofauti ni umbali. Mwizi wa mbali utamsoma gazetini, wa karibu unamjua mpaka duka lake. Tangu mwaka 2009 Wapoland wana sheria ya mfuko wa kijiji: gmina ikikubali kuuanzisha, wanakijiji wenyewe wanakaa mkutano na kuamua hela itengeneze nini, iwe barabara, taa au uwanja wa watoto, na serikali kuu inarudisha sehemu ya gharama. Mkutano wa kijiji jamani! Sisi ndio tungekuwa walimu wao kwa hilo.

Maana na sisi tumepita njia hiyo. Mwaka 1972 tulifuta serikali za mitaa kwa mpango ulioitwa, ajabu yake, Madaraka Mikoani. Sheria za kuzirudisha zikaja mwaka 1982, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Ni kama Wapoland, tulifuta kwa kalamu moja, kurudisha kukachukua miaka.

Kwa nini linaniuma? Kwa sababu nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, shule yenyewe siitaji, upepo ulichukua paa la darasa la nne. Mafundi wapo palepale kijijini, wazazi walikuwa tayari kuchanga. Mwalimu mkuu akasema lazima tusubiri kibali kutoka juu. Nimemaliza wiki zangu zote watoto wanasoma chini ya mwembe, na mvua ikianza tunakimbia wote. Hakuna aliyekataa kutengeneza lile paa. Ila hapakuwa na mtu aliyekuwa karibu vya kutosha na mwenye mamlaka ya kusema anza.

Nikihitimu na kupangiwa kituo, nataka bosi wangu awe mtu ambaye wazazi wa wanafunzi wangu wanaweza kumwondoa kwa kura. Nitamwogopa zaidi huyo kuliko mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka, na sioni ubaya wa kumwogopa.

Nawasilisha. Wale wa upande wa wizara najua mnasoma, leteni hoja, ila msije na ile ya "watakula" peke yake. Nakimbilia kwenye foleni ya chakula, bumu halijatoka na wali maharage hausubiri mtu.