Jumamosi ya Tambi za Ufuta

Wadau, leo sina kipindi wala maabara, nimelala mpaka saa nne. Unga wa sembe niliotoka nao Bongo uliisha Jumatano, tangu hapo ni mayai na mkate tu. Dada mmoja Mkenya tunayekaa naye bweni moja akasema, "Mdogo wangu, hivi utaanguka darasani. Vaa viatu."

Akanipeleka kwa mama mmoja uchochoroni nyuma ya chuo. Hapa Wuhan chakula cha asubuhi ni reganmian, yaani tambi kavu za moto. Mama anazichovya kwenye maji yanayochemka, dakika haiishi, anazimwaga kwenye bakuli la karatasi. Juu rojo zito la ufuta, soya, figili za achari, majani ya vitunguu, pilipili. Unachanganya mwenyewe haraka kabla hazijagandana. Wenyeji wanakula huku wanatembea, eti!

Ufuta jamani! Kwetu Lindi tunaulima, tunapakia magunia, na China ni wateja wetu wakubwa. Ukibaki nyumbani basi ni wa kashata. Huku wanausaga mpaka unakuwa kama siagi ya karanga. Vijiti vilinitoa jasho, dada akacheka mpaka machozi, ila bakuli nilisafisha.

Mchana tukaenda kukaa tu kando ya ziwa Donghu, hatuna haraka. Mama akapiga simu na swali lake la kila siku: umekula? Nikamtumia picha. Kimya kidogo, halafu: "Sasa nyama iko wapi?"