Mursik Tamu Huanza na Kibuyu Safi

Msomaji, bila shaka umewahi kuwaona wanariadha wetu wakilakiwa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Bingwa hukabidhiwa kibuyu, naye hupiga funda la mursik huku wapiga picha wakisukumana. Je, wajua kazi inayofanywa kabla maziwa hayo hayajatiwa kibuyuni? Ukitaka kuijua, funga safari uende kwa Wakipsigis.

Panda matatu jijini Nairobi, upitie Mai Mahiu na Narok hadi Bomet. Endelea mpaka Kaplong, kisha upinde kulia kuelekea Litein na Kericho. Kuanzia hapo majani chai yamefunika vilima pande zote. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Kwa sababu ya baridi hiyo, maziwa huchachuka polepole.

Ukibisha hodi katika boma, salimu "Chamgei", nawe utajibiwa "Chamgei mising". Ukibahatika kumkuta kogo, yaani nyanya, akitayarisha kibuyu, kaa utazame.

Kibuyu huitwa sotet. Kikiwa kipya, mbegu hutolewa, kisha hulowekwa maji mara kadhaa hadi uchungu uishe. Kila baada ya kutumika huoshwa kwa maji moto na kusuguliwa ndani kwa sosiot, brashi ndefu ya ufito wa mtende. Kisha huachwa kikauke kabisa. Unyevu ukibaki, ukungu hauchelewi kuota.

Baada ya hapo huja moto. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa, na ncha yake yenye kaa jekundu huingizwa kibuyuni na kusuguliwa kila upande. Ukuta wa ndani hupakwa unga mweusi wa mkaa. Joto na moshi huua vijidudu vingi, na mkaa huyapa maziwa rangi ya kijivu na ladha yake. Maziwa nayo huchemshwa na kuachwa yapoe kabla ya kumiminwa. Usiidharau hatua hiyo, kwani maziwa mabichi yaweza kuleta homa ya bruselosi. Kibuyu hufunikwa na kuwekwa mahali penye baridi kwa siku tatu, tano au zaidi.

Utajuaje kwamba mursik imeharibika? Kwanza, nusa. Nzuri hunukia moshi na uchachu safi; mbovu hunuka uozo. Pili, tazama. Madoa ya ukungu wa kijani, waridi au meusi yenye manyoya ni dalili mbaya, wala usidhani kuondoa utando wa juu kunatosha. Usiyachanganye na chembe za mkaa, ambazo husambaa kibuyu kikitikiswa. Tatu, angalia kama maziwa yanavutika kama kamasi, au kama kifuniko kinaruka kwa gesi. Ukiona lolote kati ya hayo, mwaga. Kibuyu chenye ufa au harufu isiyotoka kisitumike tena.

Jambo hili si la ladha tu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mursik, wakaeleza kwamba ilikuwa na asetaldehaidi, kemikali inayotengenezwa na hamira na bakteria wakati wa kuchachuka na inayohusishwa na saratani ya umio. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, imewatibu wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo chanzo chake, lakini habari hiyo yatosha kutufanya tusiruhusu kila kijidudu kuingia kibuyuni.

Wewe uishiye mjini, huenda ukajaribu kugandisha maziwa katika mtungi wa plastiki. Kumbuka kwamba plastiki iliyokwaruzwa huficha uchafu ambao brashi haiufikii. Afadhali chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyooshwa kwa maji moto na kukaushwa vizuri. Ukinunua mursik njiani, uliza kama maziwa yalichemshwa na yametiwa lini. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Na ukikaribishwa kikombe cha mursik huko Litein au Bomet, kipokee kwa mikono miwili useme "Kongoi". Mwenyeji wako ametumia siku kadhaa kukitayarisha.