BERLIN: UKUTA ULISHABOMOLEWA, WA KWAKO BADO!

Siku hizi Dar kila mtu anakimbia bwana! Pita Daraja la Tanzanite Jumapili alfajiri uone: karani wa benki, dada wa saluni, mwalimu, na mzee mwenye kitambi aliyetishwa na daktari wake, wote wanahema. Wakishamaliza kilomita zao kumi na kupata madafu, maneno yanaanza. "Mimi mwakani nakwenda kukimbia majuu!" Ukimwuliza majuu ipi, kimya. Anajua kuna marathoni huko, basi.

Haya mshikaji, kama una nia ya kweli tukuchagulie mji. Nenda Berlin, Ujerumani. Mbio zao hufanyika Septemba, na njia yao ni tambarare kama meza. Sehemu ya juu kabisa iko kama mita 53 tu kutoka usawa wa bahari, na ya chini mita 38. Ndiyo maana rekodi za dunia zinaanguka pale kama maembe ya msimu. Paul Tergat aliivunja mwaka 2003. Eliud Kipchoge aliivunja 2018, akarudi 2022 akaivunja tena kwa kukimbia saa 2:01:09. Kwa akina mama, Tegla Loroupe alifanya hivyo hapo mwaka 1999, na Muethiopia Tigist Assefa akafanya kufuru mwaka 2023 kwa saa 2:11:53.

Lakini hizo ni sifa za majirani. Sisi je?

TULISHATESA ZAMANI

Kaa chini kwanza. Mshindi wa Berlin mwaka 1987 alikuwa Mtanzania, Suleiman Nyambui, yule yule aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mwaka 1988 akashinda tena Nyambui. Mwaka 1989 akashinda Mtanzania mwingine, Alfredo Shahanga. Miaka mitatu mfululizo Wajerumani wanasikia Tanzania tu! Vijana wangapi wa leo wanalijua hilo? Unaweza kuwauliza kijiweni kwenu, wataanza kukutajia timu za Uingereza.

Sasa sikiliza utamu wenyewe. Hao wazee wetu walishinda katika mji uliokatwa vipande viwili. Kulikuwa na ukuta uliojengwa mwaka 1961, upande huu Berlin Magharibi, upande ule Berlin Mashariki. Mbio zilikuwa za upande wa Magharibi peke yake, zikizunguka humo humo ndani kama kuku bandani. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha pale ukutani. Mmoja wao ni Chris Gueffroy, kijana wa miaka 20 tu, aliyepigwa risasi Februari 1989 akijaribu kuvuka. Mwaka huo huo Shahanga akashinda, na mwezi Novemba ukuta ukafunguliwa.

Tarehe 30 Septemba 1990, siku tatu tu kabla ya Ujerumani mbili kuungana, marathoni ilipita kwa mara ya kwanza katikati ya Lango la Brandenburg na kuingia Mashariki. Watu walilia barabarani, na hawakuwa wanalia kwa kubanwa misuli.

Ndiyo maana tunasema Berlin si mahali pa kwenda kutafuta picha tu. Unapokwenda pale jua unakanyaga nini. Na ujue vile vile kwamba wewe nawe una kuta zako za kuvuka, tena ya kwanza iko hapa hapa Dar.

UKUTA WA MAKARATASI

Ukitaka kukimbia Septemba hii, ulipaswa kuanza mwaka jana! Usishangae. Wanaotaka ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo kuna bahati nasibu, na dirisha lake hufunguliwa miezi mingi kabla. Ukiikosa, kuna njia ya kuchangisha fedha za hisani kupitia mashirika yaliyopewa nafasi, au ya kununua safari nzima kwa mawakala wa utalii wanaouza namba pamoja na hoteli. Mwenye mbio za kutisha anaweza kuingia kwa muda wake aliokwishakimbia, lakini huyo wala hahitaji kusoma ukurasa huu.

Kiingilio ni zaidi ya euro 150. Weka na tiketi ya ndege, hoteli ambazo wiki hiyo zinapandisha bei bila aibu, na chakula. Ni mamilioni, ndugu yangu, usidanganywe. Washkaji wengine wanaunda kikundi na kuchanga kila mwezi kama kibati, mwaka huu anakwenda huyu, mwakani yule. Hiyo ni akili.

Halafu viza. Ile ya Schengen, ada yake kwa mtu mzima ilipanda kuwa euro 90 mwaka 2024. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo usisubiri mpaka wiki za mwisho ndipo uanze kutafuta miadi. Watataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, mahali utakapolala, na karatasi ya kuthibitisha kwamba umeandikishwa kukimbia. Wanachotaka kujua ni kitu kimoja: utarudi? Basi waonyeshe kwamba una kazi, una biashara, una familia inayokungoja. Longolongo hapa haisaidii. Na ukinyimwa, soma sababu waliyoandika, irekebishe, uombe tena.

MIEZI MINNE YA JASHO

Hapa Mungu ametupendelea. Mazoezi ya Berlin yanaanza Juni, na Juni mpaka Agosti ndiyo kipupwe chetu. Hata hivyo toka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, maana jua la Dar halina adabu.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukiwa tayari unaweza kukimbia kilomita kumi bila kufa, wiki 16 zinakutosha. Kimbia siku nne kwa wiki. Siku tatu fupi, na Jumapili moja ndefu. Hiyo ndefu iongeze kidogo kidogo, 14, 16, 18, mpaka ufike 30 au 32 wiki tatu kabla ya safari. Usizidishe hapo. Wiki tatu za mwisho unapunguza, unapunguza, mpaka unajiona mvivu. Wengi hapa ndipo wanapoharibu, wanaogopa watasahau kukimbia! Mwili hausahau, unajijenga wakati umepumzika.

Na kimbia polepole. Ndiyo, polepole! Ile mbio ndefu unatakiwa uweze kupiga stori na mwenzako njiani. Ukiona unajibu kwa kutikisa kichwa, unakwenda mbio mno.

Viatu: vile vya mtumba vya Karume vizuri kwa kutokea, lakini kwa kilomita 42 soli yake imeshachoka na mtu mwingine huko huko ulaya. Nunua vipya, vizoee kwa mwezi mzima. Siku ya mbio usivae kitu chochote kipya, hata soksi. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Usicheke! Utanikumbuka bafuni.

UKISHATUA

Kutoka Dar unabadili ndege njiani, Doha, Istanbul au kwingine, kisha unatua uwanja mpya wa Berlin uliofunguliwa 2020. Raha yake ni kwamba mwezi Septemba wao wako nyuma yetu saa moja tu. Hakuna kusinzia mchana kama anayekwenda Marekani.

Treni zao hazina geti. Unaingia tu kama kwako. Usijidanganye! Tiketi ya karatasi unanunua, kisha unaigonga mhuri kwenye kile kimashine kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, unaweza kudhani ni abiria mwenzako. Ukikamatwa ni euro 60, na hawajui neno "naomba tuyamalize."

Namba yako unaichukua mwenyewe, na pasipoti mkononi. Miaka ya karibuni zinatolewa Tempelhof, uwanja wa zamani wa ndege uliofungwa mwaka 2008. Ni pale pale ambapo mwaka 1948 na 1949 ndege zilishusha unga, makaa na maziwa, wakati Berlin Magharibi imezibiwa njia zote za nchi kavu.

Ukiwa na nafasi, nenda makumbusho yao ya viumbe ukamsalimie ndugu yetu. Yuko dinosaria mmoja pale, kimo chake zaidi ya mita 13, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Yeye alikwenda majuu bila viza na mpaka leo hajarudi.

Jambo moja tu, usiku wa kuamkia mbio achana na zile nyama za Kituruki zenye pilipili, maana Berlin zimejaa kila kona. Kula wali au tambi, ulale. Nyama utaikuta Jumapili jioni.

SIKU YENYEWE

Wa mbele kabisa wanaondoka saa 3:15 asubuhi, wengine wanafuata kwa makundi. Asubuhi kuna baridi, kwa hiyo vaa sweta la zamani la kutupa. Lakini usikariri hali ya hewa: mwaka 2025 joto lilifika karibu nyuzi 25, na watu waliteseka kweli kweli. Mwaka 2024 waliomaliza walikuwa zaidi ya 50,000, kwa hiyo usitegemee kukimbia peke yako.

Mnaanzia katikati ya bustani ya Tiergarten, mnapita kushoto na kulia kwa mnara mrefu wenye malaika wa dhahabu. Barabarani kuna mstari wa buluu, ndiyo njia fupi kuliko zote, ufuate ukiweza. Kilomita za mwanzo utajisikia una mabawa. Jizuie! Waache wakupite, wengi utawakuta mbele wamekaa kwenye ukingo wa barabara.

Kabla ya nusu ya safari utafika Hermannplatz. Hatua chache kutoka hapo kuna mtaa ambao zamani ulikuwa na jina la Wissmann, yule mkoloni aliyewapiga babu zetu wa pwani. Mwaka 2021 waliufuta, wakauita Lucy Lameck, mama yetu wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika madaraka serikalini Tanganyika ilipopata uhuru. Umekwenda mbali kote huko, halafu unakuta jina la nyumbani kwenye kibao cha mtaa!

Sasa njoo kilomita ya 30. Hapa ndipo wakimbiaji wanaposema "nimegonga ukuta." Si uchawi. Sukari ambayo mwili umeihifadhi kwenye misuli inaisha, na mafuta ya mwilini yanachelewa kugeuka nguvu. Miguu inakuwa ya mtu mwingine, kichwa kinaanza kutafuta teksi. Dawa yake inaanza mapema: kula ndizi au zile jeli za sukari tangu kilomita ya nane, usisubiri njaa. Kunywa kidogo kidogo vituoni, utapewa maji na hata chai. Lakini usijaze tumbo kama pipa, maji kupita kiasi yanapunguza chumvi kwenye damu na yameshaua watu. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, simama, waite watu wa huduma ya kwanza. Medali haivaliwi na marehemu.

Kwenye kilomita ya 38 hivi kuna Potsdamer Platz. Leo ni maghorofa ya vioo na maduka, zamani palikuwa pori tupu, ukuta umepita katikati. Kwenye lami pale mjini utaona safu mbili za mawe zinazokatiza barabara. Ndipo ukuta uliposimama. Wewe unaruka mawe hayo kwa hatua moja, ukiwa umeshika kikombe cha maji, huku watu wazima kwa watoto wanakupigia kengele na kukuita jina lako lililo kwenye namba. Yule kijana wa miaka 20 aliuawa kwa kutaka kuvuka mstari huo huo.

Basi ukifika hapo umechoka, umekata tamaa, unataka kukaa, kumbuka hilo. Kutembea inaruhusiwa. Wamekupa zaidi ya saa sita umalize.

Unakunja kona ya mwisho, unaliona Lango la Brandenburg, nguzo zake zile. Ukishalipita zimebaki kama mita 400. Pale mwisho wanakuvisha medali na kukupa bia ya bure. Onja kwanza kabla hujashangilia, maana haina kilevi!

Halafu kesho yake panda treni uende kwenye yale mawe kwa miguu, polepole, maana haraka hutaiweza. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu ya dunia mbele ya Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya mia tatu za sekunde, yaani sehemu tatu katika mia. Ukikutana na Mjerumani mpenda riadha, mtajie jina hilo tu. Kisha mtajie Nyambui na Shahanga. Mtaongea mpaka jioni.

Pasipoti unayo? Anzia hapo.