Kifungu cha Mwisho cha Andiko

Katika andiko la kwanza la mradi nililowahi kushika, mwishoni mwa miaka ya 1990, watu kama mimi tulikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha "Kujenga uwezo". Ilikuwa aya moja tu, ikiahidi kwamba vijana wa Kitanzania watafundishwa mbinu za kisasa za utafiti. Kwenye bajeti tulikuwa ndani ya posho, tukifuatiwa na mafuta ya boti.

Mradi ulikuwa wa kichocho, Kanda ya Ziwa. Nilikuwa nimetoka kuhitimu shahada ya kwanza, nikapangiwa hadubini. Kwa njia ya Kato-Katz unachuja kinyesi, unakijaza kwenye kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7, unakifunika kwa selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini, halafu unahesabu mayai na kuzidisha kwa 24 ili upate idadi kwa gramu moja. Nilijua kuhesabu. Sikujua kwa nini vijiji vile vilichaguliwa na si vingine, wala swali lenyewe la utafiti lilitoka kwa nani. Sampuli zilisafiri, takwimu zikasafiri, na makala ilipochapishwa majina yetu yalikuwa kwenye shukrani. Wakubwa wa mradi walikuwa watu wema na walitulipa kwa wakati. Ila fedha ziliombwa Ulaya na kusimamiwa Ulaya, na aliyeandika ile aya hakuwa amekutana na hata mmoja wetu.

Aliyenifanya mtafiti hakuwemo kwenye bajeti yoyote. Alikuwa mzee mmoja, mtaalamu wa wadudu na vimelea, aliyekuwa na ofisi mwisho wa korido. Jioni, wenzake wakishaondoka, nilikuwa nagonga mlango wake. "Shikamoo, Dokta." "Marahaba, mwanangu. Leta tuone." Alisoma jedwali langu la matokeo kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kila safu inajibu nini. Kama haikujibu kitu, aliikata. Alinifundisha kusoma barua ya wahakiki bila kulia, na kuijibu hoja kwa hoja. Alinipeleka mkutanoni akanitambulisha kwa jina langu kamili na kwa swali nililokuwa nalishughulikia. Yote hayo aliyafanya kwa muda wake, akichelewa kula nyumbani kwake. Alipostaafu, korido ile ilibaki na vijana wengi wenye hadubini na hakuna mlango wa kugonga. Tangu hapo nimeshikilia jambo moja: ulezi wa mtafiti mchanga ni kazi, na kazi hupangiwa saa na mshahara. Ukiachwa utegemee hisani, utawafikia wale tu waliobahatika kuwa karibu na mwenye moyo, na mara nyingi hao ni wale ambao tayari wana mjomba chuoni.

Mambo yalianza kubadilika polepole, na hayakuanzia sifuri. Mwanasayansi wa Kenya, Thomas Odhiambo, alikwishaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE Nairobi mwaka 1970, na mwaka 1983 kituo hicho kikaanza kuwasomesha Waafrika shahada za uzamivu za sayansi ya wadudu kwa kushirikiana na vyuo vya bara hili. Lakini kwetu sisi wa afya, mwaka nilioona mabadiliko kwa macho ni 2010. Mwaka huo serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa MEPI wa kuimarisha elimu ya udaktari Afrika, kwa dola milioni 130 hivi kwa miaka mitano, na fedha zikatolewa moja kwa moja kwa vyuo vya Kiafrika, kikiwemo chuo cha KCMC cha Moshi. Mwaka huohuo ukatangazwa mradi wa H3Africa wa utafiti wa jeni, nao ukawataka Waafrika wawe watafiti wakuu.

Watu wa nje ya kazi hii hudhani ugumu wa kuomba fedha uko kwenye sayansi. Sehemu kubwa iko kwenye makaratasi. Kabla ya kutuma andiko Marekani, taasisi lazima iwe na namba yake ya utambulisho, isajiliwe kwenye mfumo wa serikali yao, na taarifa zake zilingane herufi kwa herufi kila zinapoandikwa. Gharama za uendeshaji kwa taasisi ya nje ya Marekani zilikuwa na ukomo wa asilimia 8, na ndani ya hiyo 8 umo umeme, ulinzi, ukaguzi wa hesabu na mhasibu anayebaki ofisini hadi usiku siku ya mwisho ya kutuma. Mhasibu huyo naye ni mhimili wa sayansi, na ningependa majina ya wahasibu yatajwe zaidi.

Nilipopata nafasi ya kuongoza kundi la kuandika andiko letu la mafunzo, nilianza na ukurasa wa mwisho, nikauleta mbele. Tuliandika kwamba kila mwanafunzi atakuwa na watu wawili: msimamizi wa utafiti, na mlezi kutoka idara nyingine asiye na mamlaka juu ya alama zake, ili awe na mtu wa kumwambia mambo ambayo huwezi kumwambia anayekupa alama. Mlezi alipwe asilimia 10 ya muda wake. Makubaliano ya nani atakuwa mwandishi wa makala yasainiwe kabla ya sampuli ya kwanza kukusanywa. Na wanafunzi wakae kwenye vikao vya bajeti, waione fedha inavyogawanywa.

Ubishi mkubwa ulikuja kwenye uteuzi. Tulisema mradi ni kwa ajili ya wasiofikiwa: wasichana hasa, kwa kuwa UNESCO inakadiria wanawake ni karibu theluthi moja tu ya watafiti duniani, na watoto wa visiwani na vijijini ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Lakini fomu yenyewe ya waombaji ilitaka umri usiozidi kiwango fulani, ufaulu wa juu, na makala zilizochapishwa. Nilimfahamu binti mmoja wa Ukerewe aliyeanza na stashahada ya maabara, akafanya kazi kituo cha afya, akazaa, ndipo akasoma shahada. Alikifahamu kichocho kuliko sisi sote mezani, na kila kigezo cha fomu kilimwondoa. Kilichotusaidia ni mfano wa karibu. CARTA, ushirikiano wa vyuo vya Afrika ulioanza mwaka 2008 na kuratibiwa kutoka Nairobi, ulikuwa umeongeza ukomo wa umri kwa waombaji wanawake, na ukagharamia wanaonyonyesha kusafiri na mtoto na msaidizi kwenye semina zao. Tulipowataja, hakuna mhakiki aliyeweza kusema haiwezekani.

Hata hivyo andiko lilirudi bila fedha. Mhakiki mmoja aliuliza kwa nini walezi walipwe kwa jambo ambalo ni wajibu wa kila profesa. Tulijibu kwa kueleza saa za kufundisha za wahadhiri wetu, darasa kwa darasa, na kuuliza saa za ulezi zitoke wapi. Tulipotuma tena, fedha zilikuja, na asilimia 10 haikuguswa. Kufikia wakati mpango wa mafunzo ya utafiti wa DELTAS Africa ulipoanza mwaka 2015, ukiratibiwa Nairobi kwa fedha za shirika la Wellcome na serikali ya Uingereza, kuwalea watafiti wachanga kulikuwa kiini chake.

Mwaka 2025 ukatutikisa. Mwezi Mei, NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilitangaza kwamba haitatoa fedha mpya zinazopitia taasisi za kwao kwenda kwa washirika wa nje mpaka utaratibu mpya uwekwe. Nimeona vijana wakihesabu miezi iliyobaki kwenye mikataba yao. Iliniumiza, kwa sababu mtu aliyefikia katikati ya uzamivu huwezi kumwambia asubiri sera. Kwa upande wetu, viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti; ahadi hiyo nailea moyoni na kuikumbusha kila kikao ninachoalikwa.

Binti wa Ukerewe sasa ni Daktari, na andiko letu jipya analiongoza yeye. Safari hii tunaomba kwingine, na kiasi ni kidogo. Ameongeza kundi ambalo mialiko mingi ya ufadhili hailitaji kabisa, mafundi wa maabara wenye cheti na stashahada, na kila mmoja amepangiwa mlezi anayelipwa. Wiki iliyopita tuliketi na mhasibu kutafuta malipo hayo ya walezi yatoke wapi. Tukaondoa hafla ya uzinduzi na safari mbili za nje ya nchi, fedha zikatosha.