Mbwa Aliyeitwa Mkaidi

Jumamosi moja hapa Wales nilimsindikiza jirani yangu, mfugaji wa kondoo, kupeleka watoto wa mbwa kupimwa masikio. Walikuwa sita, Border Collie wa wiki sita. Daktari aliwachoma visindano vyembamba kichwani, juujuu tu chini ya ngozi, akawatia sikioni kidude kinacholia tak-tak-tak. Wengine walisinzia. Mawimbi yakipanda kwenye skrini, ubongo umesikia. Mmoja, mwenye kichwa cheupe chote na jicho la bluu, wimbi la sikio lake la kushoto lililala kama kamba iliyotupwa chini.

Kumbe tatizo ni rangi. Seli zinazotia rangi manyoya ndizo pia zinazotunza sikio la ndani. Zisipofika huko, sikio hufa katika wiki chache za mwanzo. Tena kuna jeni ya merli, ile ya mabaka ya kijivu wanayoipenda mno huku. Nakala moja ni urembo. Zikikutana mbili, mara nyingi mtoto huzaliwa karibu mweupe mtupu, na huweza kuwa kiziwi, kipofu, au vyote. Utafiti wa Marekani wa 2009 ulikuta uziwi, wa sikio moja au yote, kwa asilimia 25 ya wenye nakala mbili, na 3.5 tu kwa wenye moja. Tangu 2013 Kennel Club ya Uingereza haisajili watoto ambao wazazi wote wawili ni merli. Hebu fikiria: urembo umependwa mpaka ukatungiwa kanuni!

Kwetu Kongwa, mjomba akichagua mtoto wa mbwa hajali rangi. Anauliza mama wa mtoto huyo alimkabili fisi au alikimbia. Masikio anayapima kwa kugonga sufuria kisogoni. Kiziwi kabisa atanaswa, lakini mwenye sikio moja zima anashtuka kama wenzake. Kinachompotea ni upande sauti ilikotoka.

Nikamkumbuka Bosi, mbwa wa mjomba, kichwa cheupe, jicho moja la bluu. Mjomba akipiga mluzi kutoka mbuyuni, Bosi alizungusha kichwa, kisha akatimkia mtoni. Alikula fimbo nyingi kwa ukaidi huo.

Usiku nikapiga simu.

“Shikamoo mjomba. Bosi ulipomwita, alikuwa akigeukia upande gani?”

“Marahaba. Bosi yupi, yule mkaidi?” Akafikiri. “Kulia. Hata nikiwa nimesimama kushoto kwake, kulia tu. Kwani vipi?”