Nitakapopenda na Venye Napenda: Kuhusu Vishazi vya Lavington

Sisi tunaosoma na kufundisha fasihi kwa lugha mbili, tukivuka kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na kurudi mara kadhaa kwa siku, aghalabu hatusiti mbele ya maneno manne madogo ya Kiingereza: "when", "where", "why" na "how". Tumefundishwa tangu utotoni kwamba maneno hayo ni viulizi. Lakini ukiyasikiliza katika mazungumzo ya kila siku, utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake si kuuliza. Mtu asemapo "when I was a child" hamwulizi mtu yeyote lolote. Asemapo "the house where we lived" vilevile. Kiulizi kimeacha swali lake na kugeuka kuwa mlango wa kishazi tegemezi. Umbo ni lile lile, tahajia ni ile ile, na msemaji mwenyewe hahisi kwamba amehama kutoka kazi moja hadi nyingine.

Kiswahili hakina uhuru huo, au tuseme kimeukataa. "Lini", "wapi" na "vipi" hubaki viulizi hata vinapozikwa ndani ya sentensi isiyo swali. Nikisema "Niambie atakuja lini", swali limo humo ndani, zima, limefunikwa tu. Nikitaka kuunganisha kishazi cha wakati na kishazi kikuu, sina budi kukiacha kiulizi na kuingia ndani ya kitenzi: "Atakapokuja, niambie." Zingatia sasa kwamba Mwingereza husema "Tell me when he comes" kwa maana zote mbili. Huenda anataka kuambiwa saa ya kufika kwa mgeni, na huenda anataka kuitwa mgeni atakapobisha hodi. Sentensi ni moja. Anayeitafsiri kwa Kiswahili hulazimika kuamua, na akikosea katika uamuzi wake mgeni atasubiri mlangoni.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Tuchukue mfano ambao wasomaji wa jarida hili wanaujua vyema, ule mchezo wa kuigiza wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulioigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 na kupigwa marufuku mwaka huo huo. Kwa Kigĩkũyũ unaitwa Ngaahika Ndeenda, maneno mawili tu, wala hakuna neno la pekee lenye kazi ya "when". Kwa Kiingereza, katika toleo la 1982, ni I Will Marry When I Want, maneno sita, na "when" limesimama katikati kama nguzo. Kwa Kiswahili ni Nitaolewa Nikipenda. Tumerudi kwenye maneno mawili, na wakati umeingia tumboni mwa kitenzi. Mfasiri angeweza kuandika "nitakapopenda", na wasomaji wengi wasingeona kasoro. Lakini "nikipenda" huacha shaka: huenda nisipende. "Nitakapopenda" inachukulia kwamba siku hiyo ipo mbele, imekwisha kukubaliwa, na kilichobaki ni mimi kuichagua. "When" la Kiingereza halitenganishi mambo hayo kwa ukali huo. Mara nyingi huelea kati ya wakati na sharti. Kwa maoni yangu jina la Kiswahili ndilo linalolitaja sharti waziwazi zaidi kati ya majina hayo mawili, na sharti lake limo katika silabi moja. (Kwamba Kiswahili pia kililazimika kuchagua kati ya kuoa na kuolewa, uchaguzi ambao "marry" haliuhitaji, ni mjadala mwingine wenye utamu wake.)

Kwa "how" hali ni hiyo hiyo. Walter Rodney, alipochapisha mwaka 1972 kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa, aliweka kiulizi mwanzoni mwa jina lisilo swali. Hakuna alama ya kuuliza. Jina lote ni kishazi kinachongoja kitenzi kikuu, nacho kitenzi hicho ni kitabu chenyewe. Jaribu kulitafsiri kwa "vipi" uone jinsi linavyogeuka mara moja kuwa swali la mtihani. Kiswahili kitasema "jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma", na hapo kimetumia vitu viwili: nomino "jinsi" nje, na "-vyo-" ndani ya kitenzi. Kuhusu "why" sina mengi, kwani Kiswahili hakikuumba kirejeshi cha sababu. Husema "sababu iliyomfanya" au "ndiyo maana", na waandishi wa Kenya wameipenda "ndiposa", ambayo ndani yake "-po" ya mahali na wakati imeazimwa ili kubeba sababu.

Nimeyafikiria haya zaidi tangu nihamie Lavington. Mtaa huu, ambao nyumba zake za bustani pana zinaendelea kubomolewa ili kupisha majumba ya ghorofa, umepakana na Kawangware, na kila asubuhi watu wa upande ule huja kufanya kazi upande huu: mabawabu, wapishi, yaya, waosha magari. Basi ukisimama langoni kwa nusu saa utasikia Kiswahili cha aina mbili. Cha kwanza ni cha watoto waliolelewa kwa Kiingereza na ambao hukutana na Kiswahili shuleni, kama somo. Mmoja wao, mtoto wa jirani, aliwahi kuniambia: "Lini nilikuwa mdogo, tulikuwa tunaishi Kisumu." Hapo hakuna fumbo. Amelichukua "when", akalivua nguo, akalivika "lini". Hicho ndicho Kiingereza kilichotafsiriwa neno kwa neno, na mwalimu anayekisahihisha ana haki.

Cha pili ni cha bawabu na yaya: "Nitakuonyesha penye anaishi." "Unajua venye mambo imekuwa." "Sikusikia kenye alisema." Walimu wetu, na hata baadhi ya wahakiki, huvitia vyote viwili katika kapu moja na kuliandika juu yake "athari ya Kiingereza". Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipolifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, kalamu nyekundu imepita juu ya "venye" mara nyingi isivyohesabika. Hoja yangu ni kwamba shtaka hilo halisimami. Lau "penye" ingekuwa "where" iliyovaa kanzu, tungetarajia msemaji achukue kiulizi, kama mtoto yule alivyofanya, aseme "nitakuonyesha wapi anaishi". Husemi hivyo pale langoni, na ukisema utachekwa. Msemaji wa Nairobi amekiacha kiulizi mahali pake na kwenda kutafuta kiungo katika ghala la Kiswahili chenyewe: "-enye", lile lenye maana ya kuwa na kitu, ambalo kwa usanifu huandamana na nomino (mahali penye maji, mji wenye watu), na yeye amelipa ruhusa ya kuandamana na kitenzi. Tena amelipatanisha na ngeli, ijapokuwa kwa sikio la bara: "kenye" badala ya "chenye", "venye" badala ya "vyenye".

Nilikuja kuutambua uzito wa jambo hili siku nilipoombwa na mama mmoja afanyaye kazi katika nyumba ya jirani nimwandikie barua kwa Kiingereza. Mwanawe wa kiume alikuwa ametoka nyumbani majuma matatu kabla na hajarudi, na ofisi fulani ilitaka maelezo yaandikwe kwa Kiingereza. Alizungumza nami nikiandika. Mwanzoni alisema: "Sijui ako wapi." Baadaye kidogo, baada ya kueleza hospitali alizozizungukia, alisema: "Hata sijui penye ako." Mimi niliandika mara mbili: "I do not know where he is." Hakukuwa na sentensi nyingine ya kuandika. Lakini alikuwa amesema mambo mawili. Katika sentensi ya kwanza swali bado liko hai. Anauliza, na mtu anaweza kumjibu. Katika ya pili hapana swali. Mahali pale pamekuwa kitu, pamesimama mahali fulani duniani, na yeye hapafahamu. Kwa usanifu tungesema "sijui yuko wapi" na "hata sijui aliko", na tofauti ingebaki. Kwa "penye" yake, iliyolaaniwa, mama huyu aliihifadhi tofauti ambayo Kiingereza kimeipoteza na ambayo mimi, kwa kalamu yangu ya chuo, sikuweza kuivusha.

Iweje basi kiungo kitoke ndani ya kitenzi na kusimama mbele ya kishazi, kama kilivyo katika Kiingereza? Sikatai kwamba Kiingereza, kinachosikika mchana kutwa jijini, huenda kimesukuma kidogo. Lakini sababu ya ndani ipo, tena ni ya zamani. Kirejeshi cha kati hakikubali kila wakati wa kitenzi. Twasema "alipofika", "anapofika", "atakapofika". Hatuwezi kukichomeka kirejeshi hicho katika "amefika" wala katika "hufika". Lugha sanifu yenyewe, ikikwama hapo, hukimbilia "amba-", tunda la kitenzi cha kale "kuamba", yaani kusema: "mahali ambapo amefika". Nayo "amba-" husimama wapi? Nje, mbele ya kishazi. Mlango huo ulifunguliwa kabla ya Nairobi kuwa na matatu. "Penye amefika" inapitia mlango ule ule, kwa mzigo mwepesi zaidi, na haichagui wakati.

Zaidi ya hayo, kuna kiungo cha pili cha mitaani ambacho wahakiki hawakitaji sana, nacho ni "vile": "Sikupenda vile aliniangalia." Hiki ni kionyeshi, si kiulizi. Ajabu ni kwamba ukirudi katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, utakuta kwamba vishazi vya wakati na mahali vilifunguliwa kwa maneno ya jamii ya kuonyesha, yale yaliyo jamaa za "then" na "there" za leo. Viulizi vilikuja kuishika kazi hiyo baadaye, hatua kwa hatua. Kwa hiyo bawabu wa Lavington asemaye "vile aliniangalia" amepita njia iliyo karibu zaidi na Kiingereza ambacho hakuna anayekizungumza tena kuliko kile kinachodaiwa kumharibu.

Kwa mhakiki, mambo haya yana matokeo. Riwaya na tamthilia zinazochora Nairobi hukabidhiwa wahariri, na mhariri hubadilisha "venye" kuwa "jinsi" katika mazungumzo ya wahusika kwa nia njema kabisa. Mhusika wa Kawangware huibuka akizungumza kama mtangazaji wa redio. Nimesoma pia tasnifu ambamo mtahiniwa alizihesabu "penye" na "venye" za mhusika mmoja ili kuthibitisha kwamba mhusika huyo "ametekwa na lugha ya mkoloni". Nilimwomba mtahiniwa anionyeshe kiulizi kimoja tu kilichofanya kazi ya kiunganishi katika maneno yote ya mhusika yule. Hakukuwamo. Viulizi vya namna hiyo vilikuwamo katika kauli za mwanawe bwana tajiri, nazo hakuzihesabu.

Hasara pia ipo, na haifai kufichwa. Kiswahili cha pwani kina mahali pa namna tatu: alipo, aliko, alimo. "Penye" imezimeza zote tatu, na "mwenye", ambayo kwa kanuni ingeweza kubeba undani, imekwisha kukabidhiwa watu: "yule mwenye alikuja". Mwandishi atakayemkalisha bibi wa Lamu mezani pamoja na mjukuu aliyekulia Nairobi atakuwa na kitu cha kuchezea hapa. Bibi akitaja nyumba alimo mtu fulani, mjukuu ataelewa kwamba mtu huyo yupo huko. Habari kwamba yu ndani, na pengine mlango umefungwa, itakuwa imempita.